Muhuri wa Nyama Sio Daraja la Nyama
(Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wafugaji na wenye bucha, Ikutha)



Kuna swali ninaloulizwa sana hapa sokoni: ikiwa nyama yote buchani ina muhuri, mbona ng'ombe wangu alipiwe bei ya chini kuliko wa jirani?

Muhuri na daraja ni vitu viwili. Muhuri wa mkaguzi unasema kwamba mnyama alikaguliwa na nyama yake inafaa kuliwa. Hausemi kama ni laini. Fahali mnono aliyekufa kwa kimeta hana daraja lolote, hata awe na mafuta namna gani. Huyo hapasuliwi wala hachunwi. Anazikwa shimo refu au anachomwa, ngozi na yote.

Daraja huja baada ya usalama. Kenya Meat Commission, iliyoanzishwa mwaka wa 1950 na yenye kiwanda kule Athi River, hulipa kwa uzito wa mzoga na kwa daraja: kuna Choice, kuna FAQ, yaani nyama ya wastani, halafu Standard na Commercial. Kinachotazamwa ni umri, mnofu na mafuta. Umri mnaujua wenyewe kwa meno. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani hutoka ng'ombe akiwa na miaka miwili hivi, na akifika minne au mitano kinywa kimejaa meno manane. Kadiri anavyozeeka, nyuzi zinazoshikilia misuli zinakuwa ngumu, hasa miguuni na shingoni.

Hapa ndipo tunapopoteza pesa. Maksai aliyeshiba mwezi wa Juni, baada ya mvua za Aprili, anawekwa "akue kidogo". Oktoba inafika, malisho yamekwisha, mbavu zinahesabika. Amepunguza kilo na ameshuka daraja pia, na broka anajua kwamba huna nyasi wala maji ya kungojea.

Vijana wameniuliza kuhusu baga: je, mikahawa mikubwa ya ng'ambo hutumia nyama ya daraja la juu? Kwa kawaida, hapana. Marekani, ukaguzi ni lazima tangu sheria ya 1906, lakini kupanga madaraja, kulikoanza 1927, ni hiari na hulipiwa. Daraja la juu kabisa, Prime, huenda zaidi kwenye hoteli za bei ghali. Baga ni nyama ya kusaga: mara nyingi huwa ni mnofu mkavu wa ng'ombe wazee, wakiwemo wa maziwa, ukichanganywa na vipande vyenye mafuta vya ng'ombe walionenepeshwa. Mashine inakata zile nyuzi ngumu, na mlaji hajui umri.

Kwa hivyo ng'ombe wako mzee si hasara. Ana soko la kusaga na la mchuzi. Usimlinganishe tu na maksai wa miaka mitatu. Nanyi wa hoteli, nyama ya kusaga iiveni mpaka ndani isibaki nyekundu, kwa sababu vijidudu vya juu ya mnofu huingia katikati ikisagwa.

Siku ya soko, fungua kinywa cha mnyama kabla broka hajakifungua. Kisha muulize kama bei yake ni ya kilo za ng'ombe akiwa hai au za mzoga: kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, mzoga ni karibu nusu tu.