Bei ya Kahawa na Thamani ya Fedha

(Maneno tuliyosema mbele ya wazee, waalimu na wakulima wa kahawa)



Mmetutaka tueleze jambo ambalo wengi huliuliza kila msimu wa kahawa ufikapo. Mizani ni ile ile, kahawa ni ile ile, na jasho ni lile lile; mbona fedha tunayopewa haiwi ile ile? Wengine husema ni hila ya mwenye kununua. Hila huenda ikawapo, wala hatukuja kumtetea mtu. Lakini hata pasipo na hila yo yote bei hupanda na kushuka, kwa sababu kahawa hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa kwa bei ya dunia, ambayo kwa kahawa ya arabika hutajwa New York, na kwa robusta hutajwa London, zote kwa dola. Kisha hupimwa kwa hesabu ya shilingi zinazopatikana kwa dola moja. Kipimo cha kwanza watu hukisikia na kukijadili. Cha pili huwapita kimya kimya.

Tuanze na khabari ya zamani, maana humo jambo hili laonekana wazi. Kabla ya Vita Kuu ya 1914, fedha iliyotumika katika nchi ambayo leo ni Kenya ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa sawa na paundi moja ya Uingereza. Vita vilipokwisha, madini ya fedha yalikuwa yamepanda bei sana, na rupia ikapanda pamoja nayo. Mwaka 1920 Serikali ilikata shauri kwamba paundi moja iwe rupia 10. Tazameni basi yaliyotokea. Mwenye shamba aliyeuza mazao yake London kwa paundi 100, zamani alipata rupia 1,500. Sasa alipata 1,000. Mazao yake hayakuharibika, na mnunuzi hakumpunja hata senti. Lakini deni lake lilikuwa limeandikwa kwa rupia, nalo halikupungua. Deni la rupia 1,500, ambalo zamani lilitaka mazao ya paundi 100, sasa lilitaka mazao ya paundi 150. Wakati huo huo bei za mazao duniani zikaanguka. Na khasara hiyo haikukaa kwa wenye mashamba peke yao: mwaka 1921 waliwakata vibarua Waafrika mishahara, na Harry Thuku akasimama Nairobi kulilalamikia jambo hilo. Kibarua yule hakupata kuuza kitu London maisha yake yote, wala pengine hakujua paundi ni nini. Hata hivyo thamani ya fedha ilimfikia mfukoni.

Baadaye rupia iliondolewa, ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, shilingi 20 kwa paundi moja. Shilingi hiyo ilifungwa kwa paundi kama ndama kwa mama yake. Paundi nayo ilifuata mapatano yaliyofanywa mwaka 1944 na mataifa 44 huko Bretton Woods, Marekani, ambayo yaliifanya dola kuwa nguzo: dola 35 kwa wakia moja ya dhahabu, na fedha nyingine zikipimwa kwa dola. Mwezi wa Septemba 1949 Uingereza iliishusha paundi kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na shilingi yetu ikashuka siku ile ile. Hapa hakuna aliyeulizwa. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon alikataa kuendelea kutoa dhahabu kwa dola, na nguzo ile ikang'oka. Baadaye fedha nyingi za dunia zikaanza kuelea. Wenyeji wa Tanzania wenye umri mkubwa wanakumbuka mwaka 1986, ulipoanza kwa dola moja kupata shilingi kama 17. Mwisho wa 1987 ilipata zaidi ya 80.

Sasa tufanye hesabu, na waalimu watusahihishe. Hesabu hizi ni za mfano tu. Tuseme ratili moja ya kahawa inauzwa dola 3, na dola moja ni shilingi 2,000: mkulima apata shilingi 6,000. Mwaka ufuatao bei ya dunia yashuka hadi dola mbili na nusu, lakini shilingi nayo yashuka, dola moja ikawa shilingi 2,500: mkulima apata 6,250. Hufurahi, na ana haki, kwani noti zimeongezeka. Kisha aenda dukani kununua mfuko wa mbolea iliyotoka ng'ambo, ambao bei yake ni dola 30. Mwaka wa kwanza ulikuwa shilingi 60,000, yaani ratili 10 za kahawa. Mwaka huu ni shilingi 75,000, yaani ratili 12. Amepata noti nyingi akanunua mbolea kidogo. Twawasihi waandishi wa vyama vya ushirika waongeze safu moja katika daftari zao: mfuko wa mbolea umekula ratili ngapi mwaka huu?

Juu ya kipimo cha kwanza hatutasema mengi. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza miti ya kahawa huko Brazil, na mwaka 1977 bei ilipita dola 3 kwa ratili. Mataifa yenye kulima na yenye kunywa kahawa yalikuwa na mapatano tangu 1962, kila nchi ikipewa kiasi chake cha kuuza ili bei isianguke. Mwezi wa Julai 1989 mpango wa viasi hivyo ulivunjika, na bei ikaanguka vibaya.

Tulipokwisha kusema, mzee mmoja alisimama akauliza: Kwa nini tusiuze kahawa kwa shilingi zetu, tukaachana na dola? Tulimjibu kwamba mwenye kukaanga kahawa Hamburg ataka shilingi kwa jambo moja tu, kununua kahawa yetu, hali dola humnunulia kahawa ya kila nchi. Hata mnadani Moshi bei ilikuwa ikitajwa kwa dola. Mzee alitikisa kichwa, akasema: "Basi kahawa ni yetu, na kipimo ni cha wengine." Hatukuwa na la kumpinga.