Upimaji na Ulinganishaji wa Rangi ya Jino Asilia katika Tiba ya Kurejesha Meno

Jino lililovunjika au kuoza, liwe limezibwa kwa kompositi, yaani mchanganyiko wa plastiki na chembe za kioo, au limevishwa kofia ya kauri, huweza kurudishiwa umbo na nguvu yake na bado mgonjwa akaondoka hajaridhika kwa sababu rangi yake haifanani na ya meno jirani. Mada hii inashikilia kwamba chanzo kikubwa cha kasoro hiyo ni mpangilio mbaya wa hatua za upimaji, kuliko uhaba wa vifaa.

Rangi, kwa mfumo uliobuniwa na Albert Munsell wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ina sifa tatu: aina ya rangi, kwa mfano njano au nyekundu, ukolevu wake, na mwangaza, yaani kiasi inavyokaribia weupe au weusi. Jicho huhisi upesi zaidi tofauti ya mwangaza, na kofia iliyokosea mwangaza huonekana ya bandia hata kwa mbali. Hata hivyo, kipimio cha rangi ya meno cha VITA Classical, chenye sampuli 16 kuanzia A1 hadi D4, kimepangwa kwa makundi ya aina ya rangi, na ndiyo maana kile cha 3D-Master, kilichotolewa mwaka 1998, humwongoza mpimaji aanze na mwangaza. Mwenye kipimio cha zamani anaweza kupata faida hiyohiyo kwa kupanga upya sampuli zake kutoka nyeupe zaidi hadi nyeusi zaidi.

Wakati wa kupima ni muhimu kuliko kipimio chenyewe. Jino likikaushwa kwa hewa au kutengwa na mate kwa mpira, maji yaliyomo katika enameli, yaani tabaka gumu la nje, hutoka na nafasi yake kujazwa na hewa inayotawanya mwanga zaidi, hivyo jino huonekana jeupe kuliko lilivyo, na huenda hata baada ya nusu saa lisirejee hali yake. Rangi basi ichaguliwe kabla ya kazi yoyote, jino likiwa safi na lenye unyevu, chini ya mwanga unaokaribia ule wa mchana. Na kwa kuwa rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine, uchaguzi uhakikiwe pia karibu na dirisha.

Spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaorudishwa na jino, hutoa namba zisizotegemea uchovu wa macho, lakini aghalabu hupima eneo dogo tu, ilhali shingo ya jino, ambako enameli ni nyembamba na dentini ya ndani huonekana, imekolea kuliko ncha.

Ugumu wa kulinganisha rangi huzidi Arusha, Kilimanjaro na katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako floridi nyingi ya maji ya maeneo ya volkano huacha mabaka meupe na ya kahawia ambayo hayana mfano katika sampuli zote 16. Kwa wagonjwa hawa, kumwandikia fundi sanifu meno "A3" peke yake hakutoshi: daktari amchoree ramani ya mabaka na ampelekee picha yenye sampuli iliyoshikwa kando ya jino.