MAUA YA NAIVASHA NA MSHAHARA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Sisi wa reli twajua kwamba shamba moja halijazi behewa. Tazameni Naivasha, ambako wengi wetu tuna dada au mke. Mashamba ya maua yamelizunguka ziwa, na kwa kukaa pamoja yamepata mafundi wa mabomba, wauza dawa, vyumba vya baridi, na malori ya kukimbiza waridi uwanja wa ndege wa Nairobi, yafike Uholanzi yangali mabichi. Mkulima aliye peke yake mbali atashindanaje nao?

Lakini ua halijikati. Aprili 2010 majivu ya mlima wa moto wa Iceland yalizuia ndege za Ulaya. Maua yakaoza, na maelfu ya wenzetu wakaambiwa wakae nyumbani. Majivu ya Iceland, njaa ya Naivasha!

Mabwana huja kwenye mapatano kwa umoja, wakituambia mshahara ukipanda Ethiopia itawashinda. Basi na watuonyeshe hesabu yote: nauli ya ndege ni ngapi, mbolea ngapi, mkata maua ngapi. Twaiomba hesabu hiyo kabla ya mapatano yajayo, na wajumbe wa mashamba yote wawepo.