Barua ya Kumkatalia Mtu Zabuni
(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa chama)



Mniwie radhi, maana nimekuja kusema habari za kosa langu mwenyewe.

Mwajua ya kuwa Serikali ikitaka kujenga shule au daraja kwa fedha ya watu, huwaita wakandarasi walete zabuni, na kazi hupewa mmoja. Waliokosa huvunjika moyo, na wengine hushitaki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 imewapa njia: aliyekataliwa anazo siku 14 tangu kuarifiwa, apeleke malalamiko yake mbele ya Bodi iliyowekwa kwa kazi hiyo, nayo Bodi yapaswa kukata shauri kwa siku 21. Tena mapatano hayatiwi sahihi kabla siku zile 14 hazijapita.

Basi niliandika barua ya namna hiyo kwa ajili ya madarasa ya shule moja. Niliandika, "Twasikitika kukuarifu," wala sikutaja sababu, ingawa sheria yaagiza itajwe. Nikaitia tarehe, kisha ikalala mezani pangu siku 11. Mkandarasi alipoipokea, ofisi ilihesabu siku tangu tarehe ya barua, naye alihesabu tangu siku ilipomfikia. Alikuwa mzee wa umri wa baba yangu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sikuja kudai kazi. Nataka kujua kosa langu, nisilirudie."

Nikafungua jalada. Fomu yake ya zabuni haikutiwa sahihi. Neno la mstari mmoja! Lakini kwa kuwa alikuwa amenyimwa neno hilo, alikwisha kuamini ya kuwa hongo imepita, akashitaki. Ujenzi ukasimama, na watoto wakasoma chini ya mti muhula mzima.

Ndugu zangu, twapenda kusema kwamba wakandarasi ni wagomvi. Wako walio hivyo, nasi hatuwezi kuwageuza. Lakini barua ni kazi yetu. Tuandike sababu iliyo ya kweli. Tuipeleke siku ile ile ya tarehe yake. Na aliyepata na waliokosa waarifiwe pamoja. Tukifanya hivyo, mwenye haki atajua pa kwenda, na asiye na haki atakosa la kusema.

Nimekwisha.