Injini Ipoteapo Nguvu Ikishapata Moto

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri kwa manahodha, wavuvi na mafundi wa vyombo vidogo vya majini, Mafia



Mimi si fundi wa injini. Kazi ya kitengo changu ni kuyapanga maelezo ya wataalamu ili yamfikie mwananchi yakiwa yanaeleweka. Leo naomba tuzungumzie ugonjwa mmoja wa injini za kupachika: injini huwaka vizuri asubuhi na chombo kikakimbia, lakini baada ya muda hulegea au huzimika. Ikipumzishwa ikapoa, huwaka tena kama haikuwa na tatizo.

Jambo hili si dogo katika wilaya ya visiwa. Kutoka Jibondo, Juani na Chole, mgonjwa, mjamzito na mwanafunzi huanza safari kwa kuvuka maji. Maji yanapotoka kwa kasi katika Ghuba ya Chole, chombo kisicho na nguvu huweza kukokotwa kuelekea bahari kuu. Vilevile, mvuvi anayenunua kipuri kwa kubahatisha hupoteza fedha, na ugonjwa hubaki palepale.

Ninalotaka tuondoke nalo ni hili: ugonjwa unaojitokeza wakati wa joto huchunguzwa wakati wa joto. Tukisubiri injini ipoe, kisha tuipeleke kwa fundi siku ya pili, ushahidi umekwisha kupotea. Fundi ataiwasha, itanguruma vizuri, naye atalazimika kukisia. Kwa hiyo, nguvu zinapopungua, nahodha ajiulize maswali yafuatayo kwa mpangilio, ilimradi chombo kiko mahali salama.

Swali la kwanza: je, maji ya kupoozea yanatoka? Tazameni mchirizi unaorushwa kutoka kwenye injini. Ukiwa dhaifu, au ukitoka mvuke, zimeni injini mara moja. Kagueni matundu ya kuingizia maji kule chini, kwani mfuko wa plastiki au mwani huweza kuyaziba. Hata hivyo, mchirizi peke yake hautoshi kuwa ushahidi, maana tundu lake dogo huweza kuzibwa na mchanga au chumvi huku injini ikiendelea kupozwa vyema. Lizibueni kwa kipande cha mshipi. Kisha, injini ikiwa imezimwa, dondosheni tone la maji juu ya kichwa cha silinda. Likichemka papo hapo, injini inachemsha kweli. Hapo fundi aanze na impela, yaani gurudumu la mpira linalosukuma maji, kisha thamostati, kisha njia za maji zilizojaa chumvi. Impela huharibika kwa muda mfupi sana injini ikiwashwa nje ya maji, hata kama ni kwa kujaribu tu.

Swali la pili: je, mafuta yanafika? Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu ukosefu wa mafuta hujifanya ugonjwa wa joto. Tundu la hewa la mfuniko wa tangi likiwa limefungwa, injini hunyonya petroli bila hewa kuingia kuchukua nafasi yake. Kadiri safari inavyoendelea, mvuto ndani ya tangi huongezeka, petroli hupungua njiani na nguvu hushuka. Injini inapopumzishwa, hewa hujipenyeza taratibu na mambo hurejea sawa. Mwenye chombo hudhani injini imepona kwa kupoa, kumbe tangi ndilo limepata pumzi.

Kipimo chake ni rahisi. Nguvu zinapoanza kushuka, mtu mmoja ashike usukani na mwingine abinye pampu ya mkono iliyopo kwenye mpira wa mafuta. Nguvu zikirudi, tatizo liko upande wa mafuta. Pampu hiyo ikiwa imejikunja na kubaki bapa, kizuizi kiko kati yake na tangi, au tundu la hewa limefungwa. Ikiwa haikujikunja, kagueni viungio vinavyovuta hewa, kisha pampu ya mafuta iliyopo kwenye injini. Msisahau filta, wala maji yaliyochanganyika na petroli.

Swali la tatu: je, cheche ipo? Ikiwa maji yanatoka vizuri na kubinya pampu hakusaidii, na injini yenye silinda mbili inatetemeka na kuvuta kama yenye silinda moja, tushuku koili au kifaa kingine cha umeme. Waya uliomo ndani ya koili huweza kuachana unapopanuka kwa joto, kisha ukagusana tena unapopoa. Ndiyo maana koili ikipimwa ikiwa ya baridi huonekana nzima. Katika injini ambayo kila silinda ina koili yake na koili hizo zinafanana, fundi anaweza kuzibadilishana nafasi. Ugonjwa ukihamia silinda ya pili, mkosaji amejulikana kabla ya shilingi kutumika. Kazi hii ifanywe na fundi, mbali na mvuke wa petroli, kwa sababu cheche moja yatosha kuchoma chombo.

Swali la nne: je, injini ililegea kana kwamba imeshikwa, na kamba ya kuwashia ikawa nzito kuvutika? Hizo ni dalili za pistoni kukosa ulainisho, na mafundi husema injini iko karibu kunoki. Isilazimishwe. Kwa injini ya mipigo miwili inayotakiwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli huchanganywa na mililita 400 za oili ya injini za boti. Fuateni uwiano uliotajwa katika kitabu cha injini yenu, na mpime kwa chombo chenye alama. Kukadiria kwa macho ni hatari. Oili inayobanwa leo hulipwa kesho kwa bei ya pistoni.

Swali la tano: je, sauti ya injini imepanda huku chombo kikipunguza mwendo? Basi huenda injini haina kosa lolote. Mpira uliomo katikati ya propela huweza kuteleza ukishapata moto, injini ikazunguka na propela isifuate.

Ndugu zangu, jambo jingine ni namna ya kujaribu. Injini iliyowekwa ndani ya pipa la maji haibebi mzigo, hivyo huweza kunguruma saa nzima bila kuonyesha ugonjwa wake. Jaribio la kweli hufanyika majini, chombo kikiwa na uzito wake wa kawaida, karibu na ufuko, pamoja na chombo cha pili cha kusaidia. Abiria wasitumike katika jaribio.

Naomba kila BMU ifikirie kuweka daftari la injini. Nahodha aandike mambo manne: injini ilikwenda dakika ngapi kabla ya kulegea, mchirizi wa maji ulikuwaje, kubinya pampu kulileta nini, na ilichukua muda gani kupona. Mistari hiyo minne humwokolea fundi kazi ya siku nzima.

Kwa kinga, suuzeni njia za maji kwa maji baridi baada ya safari. Nafahamu kwamba visiwani maji hayo ni ya thamani, lakini pipa moja linaweza kuhudumia injini kadhaa kwa zamu.

Mwisho, injini ikizimika penye mkondo, tendo la kwanza si kufungua kifuniko chake. Kwanza tieni nanga, hakikisheni kila mtu amevaa jaketi okozi, kisha pigeni simu kuomba msaada. Baada ya hapo ndipo maswali yaanze. Chombo kisiondoke bila nanga yenye kamba ya kutosha na makasia, hata kama injini ni mpya.

Injini hutoa dalili kabla ya kutuacha njiani. Tukizisoma zikiwa bado za moto, tutaokoa fedha za mvuvi na roho za wasafiri.