HASIRA, HUZUNI NA KHOFU: JE, HISIA HUTUFICHIA UKWELI?



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, mada tuliyopangiwa leo ni swali: je, hisia za mtu, kama vile ghadhabu, huzuni, khofu na mapenzi, humfanya auone ukweli sivyo ulivyo? Huenda wapo watakaosema kuwa hilo ni jambo la wanafalsafa, halina nafasi msikitini. Lakini zipo nyumba zilizovunjika, na wapo watu waliouawa bila ya hatia, kwa sababu mtu aliamini kila alichoonyeshwa na moyo wake katika saa moja ya mfazaiko. Kwa hiyo tulitazame kwa makini.

MISIBA MIWILI YA MADINA

Mwaka wa 10 Hijria, Mtume (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bi Mariya, naye alikuwa bado mtoto wa kunyonya. Siku hiyo jua likapatwa. Wataalamu wa falaki, kwa kupiga hesabu ya kurudi nyuma, wanakuweka kupatwa huko tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim.

Angalieni hapa, ndugu zangu. Macho ya watu wale hayakukosea. Jua lilipatwa kweli, na mtoto alikufa kweli. Huzuni haikuongeza ila neno moja tu, neno la "kwa sababu". Hapo ndipo hisia hufanya kazi yake mara nyingi: hazituonyeshi kisichokuwepo, bali huunganisha vilivyopo kwa kamba isiyokuwepo.

Mtume (s.a.w.) akawasalisha, kisha akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Na msemaji wa maneno hayo ndiye mfiwa mwenyewe! Kauli ya watu ilikuwa ikimtukuza mwanawe; angelinyamaza tu, ingeliendelea. Naye alilia kwa msiba ule hata Abdurrahman bin Auf (r.a.) akastaajabu, akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Aliuachia moyo uhuzunike, lakini hakuuachia uizulie mbingu uongo.

Msiba wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Katika Rabiul Awwal mwaka wa 11 Hijria Mtume (s.a.w.) alifariki. Umar bin Khattab (r.a.), mtu imara katika watu imara, akasimama akisema kwamba Mtume hakufa, bali amekwenda kwa Mola wake kama alivyokwenda Nabii Musa, na atarudi. Abu Bakr (r.a.) akaja, akaingia chumbani kwa Bi Aisha (r.a.), akaufunua uso mtukufu, akaubusu, akalia. Kisha akatoka akawasomea watu Aya ya 144 ya Suratu Aali Imraan, inayobainisha kuwa Muhammad ni Mtume, na kwamba Mitume walimtangulia wakapita. Miguu ya Umar ikashindwa kumbeba. Watu walikuwa kana kwamba hawakupata kuijua Aya hiyo mpaka siku ile.

Je, Umar hakuwa akiijua? Alikuwa akiijua. Mapenzi hayakumnyang'anya elimu yake. Yaliiweka mbali na mkono wake. Na Abu Bakr je, alimpenda Mtume kidogo zaidi? Hasha! Wote wawili walipenda na wote walihuzunika. Tofauti ni kwamba Abu Bakr aliingia kwanza akatazama, ndipo akatoka kusema.

HAKIMU MWENYE GHADHABU

Abu Bakra (r.a.), naye ni Swahaba mwengine si Abu Bakr Siddiq, alimwandikia mwanawe aliyekuwa kadhi Sijistan, akimkataza asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ameghadhibika, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akilikataza hilo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mafaqihi walipotafuta illa ya katazo hili, waliona kuwa si ghadhabu kwa dhati yake, bali ni kule kuvurugika kwa fikra. Kwa hiyo wakaikisia njaa kali, kiu, usingizi, huzuni, na hata furaha iliyopita kiasi. Kadhi ni mwanachuoni, ana vitabu na ana mashahidi mbele yake. Pamoja na hayo ameambiwa angoje. Basi vipi kwa mimi na wewe, tunaohukumiana barazani bila ya kitabu wala shahidi?

Na si hisia zake tu ambazo hakimu huzihadhari. Imepokewa kwamba mwanamke alimjia Kadhi Shuraih huku akilia, na Imamu Shaabi akasema anamdhania kuwa amedhulumiwa. Shuraih akamkumbusha kuwa ndugu zake Nabii Yusuf nao walimjia baba yao usiku wakilia. Machozi yana haki ya kuhurumiwa, lakini si ushahidi.

TALAKA YA MWENYE HASIRA

Sisi walimu tunajiwa na watu juu ya suala hili kuliko mengi mengine. Mtu amemtaliki mkewe kwa hasira, na siku hizi pengine kwa ujumbe wa simu, asubuhi anakuja akisema: "Ustadhi, sikuwa mimi." Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, aliandika risala nzima juu ya mas-ala haya, akaigawa ghadhabu daraja tatu. Ya kwanza ni mwanzo wake, ambapo mtu anajua asemalo na analikusudia. Talaka yake inapita bila ya shaka. Ya pili ni ukomo wake, ambapo mlango wa akili umefungwa hata hajui anachosema. Huyo talaka yake haipiti. Ya tatu ni ya kati na kati, na hapo ndipo penye khitilafu. Yeye aliona kuwa haipiti. Wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imamu Shafii yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wanaona kuwa inapita madamu akili ipo.

Tunajifunza nini? Kwamba hisia zina daraja, na uwajibikaji unafuata daraja hizo. Si kila mwenye hasira ni mwendawazimu, na "nilikasirika" si udhuru wa kila jambo. Katika daraja ya kwanza mtu bado ameshika hatamu. Hapo ndipo anapotakiwa anyamaze, kwa sababu akifika ya pili hata wasia huu hataukumbuka.

KHOFU YA UMATI

Khofu nayo huambukiza. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na uvumi wa Popobawa. Watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi wakikesha. Kukabwa usingizini ni jambo linalojulikana toka zamani. Wazee wetu waliliita jinamizi, na matabibu wanalieleza kuwa mtu huamka akili ilhali mwili bado umelala. Lakini khofu ililipa jambo hilo jina na sura, na kila aliyekabwa akawa shahidi. Mwisho wake mjini Zanzibar umati ulimuua mtu aliyekuwa na maradhi ya akili, kwa kumdhania kuwa ndiye. Mtu yule alikuwa na haki ya kutibiwa na kuhifadhiwa. Damu yake ilimwagwa na watu ambao kila mmoja wao alikuwa na yakini!

Suratun Nisaa, Aya ya 83, inawalaumu wale ambao likiwafikia jambo la amani au la khofu hulitangaza, badala ya kulirejesha kwa wenye kuweza kulichunguza. Na Suratul Hujuraat, Aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kila anayepiga kelele ya "mwizi!" njiani, na kila anayeisambaza khabari ya simu asiyoijua asili yake, Aya mbili hizi zinamhusu.

JE, HISIA NI ADUI?

La. Asiye na huruma hamwoni yatima hata akipita mbele yake. Asiye na khofu haioni hatari. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, kama ilivyo katika Suratu Yusuf. Hata hivyo, alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo hakuikubali hadithi yao, na baada ya miaka mingi aliipata harufu ya Yusuf ilhali waliomzunguka walimwona amepotea. Huzuni ilichukua macho yake, haikuchukua busara yake. Hisia ni kama mlinzi wa usiku: ni wajibu wake kutuamsha, wala si kazi yake kukata hukumu.

Basi, ndugu zangu, tushike mambo matatu. Kwanza, mwenye kughadhibika akiwa amesimama na akae, isipomtoka na alale ubavu, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), na anyamaze. Pili, tutenganishe tulichokiona na tulichokiongeza; tujiulize, neno "kwa sababu" nimelitoa wapi? Tatu, jambo zito la talaka, la kukata udugu au la kumtuhumu mtu lisiamuliwe usiku ule ule. Lilale, lishauriwe na asiyekuwemo katika ugomvi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka. Wabillaahi tawfiiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.