Lita ya asali si kilo

Watu wa Ndanda, Masasi na Newala wanalijua vizuri bakuli liitwalo kangomba. Mlanguzi hulitumia kununulia korosho za mkulima mwenye shida, nje ya mizani ya chama cha ushirika. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na mwaka 2018 vita dhidi yake vilisikika nchi nzima. Leo nataka kuzungumzia kangomba nyingine, isiyopigiwa kelele. Nayo ni ya asali.

Watu wengi huamini kwamba lita moja ni kilo moja. Kwa maji ni kweli. Kwa mafuta ya kula si kweli, maana lita yake ina gramu 920 hivi, ndiyo sababu mafuta huelea juu ya maji. Asali ni nzito kuliko vyote viwili. Lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa kilo 1.4 au zaidi kidogo.

Sasa tufanye hesabu, kwa bei ya mfano tu. Mama mmoja wa Ndanda ana ndoo ya lita 20 iliyojaa asali. Mnunuzi anamwambia: "Mama, mimi nanunua kilo kwa shilingi 10,000. Ndoo yako ni ya ishirini, basi chukua laki mbili." Mama anashukuru. Kumbe ndoo ile ina kilo 28! Amepoteza kilo nane, yaani shilingi 80,000, ambazo zingeweza kununua sare na madaftari. Huenda mnunuzi naye hakujua. Lakini kutojua huko kumemnufaisha nani?

Mkazi wa mjini asicheke. Dukani kuna kopo lililoandikwa gramu 500, na kando yake chupa ya mililita 500. Ukidhani ni sawa umepotea, kwa sababu chupa ile ina gramu 700. Jikoni nako ni vivyo hivyo. Kijiko cha chakula cha mililita 15 hubeba gramu 21 za asali, na kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 350. Ukiambiwa utie gramu 250 kwenye keki, nawe ukajaza kikombe, umezidisha gramu 100, na keki itaungua juu kabla ya kuiva ndani.

Kwa chupa yoyote, fanya hivi. Ipime ikiwa tupu, ijaze maji, uipime tena. Toa uzito wa chupa, kisha zidisha uzito wa maji kwa 1.4. Jibu ndilo uzito wa asali itakayojaa humo. Asali ikipungua sana hapo, shuku maji. Kanuni za kimataifa haziruhusu maji kuzidi asilimia 20 katika asali ya kawaida, na ikizidisha maji huchacha. Hata hivyo, mizani haifichui kila hila, kwani sukari iliyochemshwa ikawa nzito nayo hulemea.

Wakala wa Vipimo wapo, na sheria ipo. Lakini ulinzi wa kwanza ni swali la muuzaji mwenyewe: tunapatana kwa kilo au kwa lita? Kama ni kilo, iletwe mizani. Kama ni lita, bei iwe ya lita. Anayepima kwa lita na kulipa kwa kilo ameshika kangomba mkononi, hata kama hana bakuli.